Kikombe cha Babu Yake Yao: Kisa cha Kaisari Qianlong na Jade Iliyoiga Bronzi

Mwaka 1753 Kaisari Qianlong wa China aliandika habari ya kikombe kimoja cha jade kilichokuwa katika hazina yake. Vishikio vyake viwili vimechongwa kwa umbo la watoto, na mwili wake una madoa ya hudhurungi yanayong'aa kama akiki. Hapakuwa na mtu China aliyemiliki vitu vya kale kumzidi Qianlong, na jicho lake lilikuwa limezoea. Alipokitazama kikombe kile alikiona cha enzi ya Han, kitu kilicholala ardhini zaidi ya miaka 1,500 mpaka udongo ukakitia rangi. Akamuuliza Yao Zongren, fundi wa jade katika karakana za ikulu. Yao akacheka. Kikombe hicho, alisema, kilitengenezwa na babu yake. Kazi ile ilikuwa ya kurithi katika ukoo wao, ndiyo maana alikitambua.

Kisha akaeleza jinsi kilivyofanywa. Unachukua kekee yenye ncha ya almasi, unatoboa juu ya jade vijitundu vilivyosongamana kama alama za kuumwa na nyuki. Unapaka kaharabu ili ipenye humo, halafu unakiweka chombo kwenye moto. Moto usiwake kwa nguvu, wala usizimike. Unakesha nao usiku na kuamka nao mchana, na mwaka mzima lazima upite kabla kazi haijaiva. Kaisari akauliza mbona vitu vya kughushi vilivyojaa sokoni havifikii ubora huo. Yao akajibu kwamba watu wa sasa wana haraka ya faida. Nani atakubali kungoja mwaka?

Qianlong angeweza kulifunika jambo hilo. Mfalme amekosea mbele ya fundi wake, tena katika elimu aliyojivunia mno. Yeye akaliandika kwa mkono wake, akasema kwamba humuuliza Yao mara kwa mara kuhusu kazi za mikono na hupata maneno yenye busara, na kwamba kama waandishi wakubwa wa zamani waliona inafaa kuandika habari za mkandikaji kuta na za seremala, basi fundi wa jade naye anastahili. Kikombe na maandishi yake vimehifadhiwa pamoja hadi leo katika Makumbusho ya Kasri la Kifalme mjini Taipei.

Nimekianza kisa hapa kwa sababu kinazaa swali ambalo wengi wanaoandika juu ya jade ya kifalme hulipita haraka. Katika miaka iliyofuata, kaisari huyuhuyu aliagiza vyombo vingi vya jade vilivyochongwa kwa maumbo ya bronzi za enzi za Shang na Zhou, yaani vitu vya miaka 2,000 hadi 3,000 kabla yake. Je, hakuwa akifanya kilekile alichofanya babu yake Yao, kwa gharama kubwa zaidi? Jibu langu ni hapana, na ushahidi wake unaonekana kwenye mawe yenyewe. Lakini ili kuuona inabidi kwanza tujue alichokuwa akiiga.

Bronzi zenyewe

Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na Wachina wa enzi ya Shang, kuanzia kama mwaka 1600 KK, waliisubu kwa ustadi ambao haukuwa na mfano. Walitengeneza vyombo vya kuwapa mizimu chakula na pombe. Enzi ya Zhou iliyoifuata Shang iliendeleza kazi hiyo. Kulikuwa na ding, chungu cha miguu mitatu au minne cha kupikia nyama ya sadaka. Kulikuwa na gui, bakuli pana la nafaka lenye vishikio viwili. Kulikuwa na gu, kikombe kirefu chembamba cha pombe kinachofunguka juu mithili ya tarumbeta. Vitabu vya taratibu za ibada vya enzi ya Zhou vilipanga hata idadi kwa cheo: Mwana wa Mbingu, yaani mfalme, alistahili ding tisa na gui nane, na waliokuwa chini yake walipungua kwa ngazi zao. Kumiliki vyombo hivi kulikuwa kumiliki haki ya kutawala.

Jinsi vilivyosubiwa ni muhimu kwa kisa chetu. Msubi alianza na umbo la udongo, akalifunika kwa udongo mwingine, akaukata ule wa nje vipande vipande, akavipanga upya kuwa kalibu, kisha akamimina bronzi iliyoyeyuka. Mapambo yote, ile sura ya mnyama mwenye macho makubwa na pembe iitwayo taotie, na vile vizingo vidogo vya pembe nne vinavyojaza nafasi nyuma yake, yalichorwa kwenye udongo laini. Mkono ulikwenda ulikotaka. Pale vipande vya kalibu vilipokutana, bronzi ilipenya na kuacha mshono; wasubi wakaugeuza mshono huo kuwa ukingo uliosimama wima, wenye meno, unaoshuka kutoka mdomo hadi tako la chombo. Udhaifu wa njia ya kusubu ukawa pambo.

Vyombo hivi vilizikwa, vikasahauliwa, vikaanza kuibuka. Kaisari Huizong wa enzi ya Song, aliyetawala kuanzia 1100, alivikusanya kwa mapenzi makubwa na akaamuru vichorwe katika orodha ya juzuu 30 yenye vyombo 839. Mwaka 1127 Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki, waliuteka mji mkuu wake wa Kaifeng, Huizong akachukuliwa mateka, mkusanyo wake ukatawanyika. Orodha ikabaki. Kwa karne zilizofuata mafundi wa China walizijua bronzi za kale zaidi kupitia michoro ya kitabu hicho kuliko kupitia bronzi zenyewe.

Qianlong alifuata nyayo hizo. Mwaka 1749 aliamuru bronzi za ikulu ziorodheshwe kwa mtindo wa kile cha Song. Kazi ilikamilika 1755, juzuu 40, vyombo zaidi ya 1,500, kila kimoja na mchoro, vipimo, na nakala ya maandishi yake kama yapo. Orodha hiyo, Xiqing gujian, ndiyo iliyowekwa mbele ya wachongaji wa jade.

Jiwe lilivyopatikana

Kulikuwa na kitabu, lakini jade haikutosha. Jade ninayoizungumzia ni ya aina iitwayo nefriti, na iliyo bora ilitoka Khotan na Yarkand, magharibi ya mbali, katika nchi ambazo hadi katikati ya karne ya 18 hazikuwa chini ya Qing, dola ya ukoo wa Qianlong. Huko Khotan mito miwili hushuka kutoka milima ya Kunlun, Yurungkash unaoleta jade nyeupe na Karakash unaoleta nyeusi, na watu waliokota mawe humo maji yalipopungua. Biashara ilipita mikononi mwa watawala wa Dzungaria, dola ya Wamongolia wa magharibi, ambao walikuwa maadui.

Jeshi la Qianlong liliivunja Dzungaria mnamo 1755, na kufikia 1759 likawa limeshika miji yote ya kusini, Yarkand, Khotan na Kashgar. Vita hivyo vilimwaga damu nyingi. Wadzungar kama taifa walikaribia kufutika. Mwandishi wa jade asiyelitaja hilo anaficha mzizi wa uzuri anaousifu. Kuanzia 1760 jade ilifika Beijing kama kodi, majira ya kuchipua na majira ya vuli, kila mwaka. Kutoka Manas, kaskazini ya milima ya Tianshan, ilikuja pia jade ya kijani kilichokolea. Sasa kaisari wa China alikuwa na mawe makubwa ya kutosha kuchonga chombo kizima cha ukubwa wa bronzi, kutoka pande moja la jiwe.

Tazama basi miaka ilivyopangana. Maandishi ya kikombe ni ya 1753, orodha ya bronzi ikakamilika 1755, jade ikaanza kumiminika 1760. Sisemi la kwanza ndilo lililoleta la mwisho. Ninachosema ni kwamba jade ilipofika kwa wingi, ilimkuta mtu aliyekwisha kufundishwa na fundi wake jinsi ukale unavyoweza kupikwa kwenye moto wa makaa, na aliyekuwa na michoro ya ukale huo mezani.

Kutoka mchoro hadi jiwe

Mtu asifikiri kaisari alisema tu "nichongeeni". Kumbukumbu za karakana za ikulu zinaonyesha utaratibu mrefu. Jiwe lililetwa mbele yake. Mchoraji aliandaa mchoro wa chombo kinachoweza kutoka ndani ya jiwe hilo, mara nyingine na kielelezo cha nta au cha mbao. Kaisari aliidhinisha au alirudisha. Baada ya hapo jiwe lilibaki Beijing au lilipelekwa kwenye karakana za nje, ambazo zilikuwa nane, zenye sifa zaidi zikiwa Suzhou na Yangzhou. Kazi ilipokamilika ilirudi, na kaisari aliitazama tena.

Na jade haichongwi kama mti. Kisu cha chuma hakiiwezi. Ugumu wake unakaribia 6.5 katika kipimo cha Mohs, kinachokwenda kutoka 1 hadi 10, na nyuzi zake zimesukana kiasi kwamba nyundo huweza kuruka nyuma kabla jiwe halijapasuka. Njia ni moja, kuisaga. Fundi alikaa kwenye kerezo ya mbao, akisukuma kanyagio kwa miguu, kisahani cha chuma kikizunguka mbele yake, na kwa mkono alitia mchanga mkali uliochanganywa na maji. Mchanga ndio uliokata. Chuma kiliubeba tu. Ili kutoa tumbo la chombo, alitoboa kwa bomba la kekee, akavunja kiini kilichobaki katikati, kisha akaingiza vyuma vilivyopinda kupanua ndani kidogo kidogo, bila kuona vizuri anachosaga.

Sasa chukua gui ya kawaida ya kundi hili, uishike akilini. Mwili mviringo, tako la duara, vishikio viwili vinavyotoka kwenye midomo ya vichwa vya wanyama. Ukanda wa taotie umezunguka tumbo, na vile vizingo vya pembe nne vimejaa nyuma yake. Msubi wa Shang alichora kizingo kimoja kwenye udongo mbichi kwa kuzungusha mkono. Mchongaji wa Qianlong ilimbidi asage kila upande wa kila kizingo, akisimamisha kisahani kwenye kila kona ili mstari usipitilize. Kosa moja halifutiki. Ukiweka ncha ya kidole juu ya ukanda kama huo kwenye kazi nzuri, pembe za vizingo hazikuchomi. Zimesuguliwa zikawa laini, na bado jicho linaziona kali. Sijui ufundi mwingine unaolipa jicho na kidole mishahara tofauti namna hiyo.

Tazama na ule ukingo wa meno unaoshuka ubavuni. Kwenye bronzi ulizaliwa na mshono wa kalibu. Kwenye jade hakuna kalibu, hakuna mshono, na ili ukingo usimame ilibidi jiwe lote la pembeni yake liondolewe. Kilichokuwa njia rahisi ya kuficha kasoro kimekuwa sehemu ghali kuliko zote. Hapo ndipo ninapoona kwamba waliotengeneza vyombo hivi hawakuwa wakitafuta kumdanganya mtu. Mwenye kughushi hupunguza kazi pale asipotazamwa. Hawa waliiongeza.

Halafu kuna mambo ambayo bronzi haikuwa nayo kabisa. Chini ya vishikio mara nyingi huning'inia pete mbili zinazocheza, zisizounganishwa wala kugundishwa popote, kwa kuwa zimesagwa kutoka jiwe lilelile na kuachiliwa huru mwishoni. Baadhi ya vyombo vina mkufu mzima wa namna hiyo. Na uso wa jade umeachwa na rangi yake, nyeupe ya maziwa, ya kijivu chenye ukijani, au ile ya kijani kizito ya Manas ambayo naona inaikaribia sana bronzi iliyolala ardhini, lakini bila kuigiza kutu. Hakuna vijitundu vya kaharabu. Hakuna moto wa mwaka mzima. Chombo kina umbo la miaka 3,000 na ngozi ya jana.

Matumizi nayo yalibadilika. Ding ya jade haiwezi kukaa motoni, ingepasuka. Nyingi zikawa vyetezo, za kuchomea udi juu ya majivu, kama watu wa pwani wanavyojua chetezo kinavyokaa sebuleni, au zikawekwa mezani mwa msomi zitazamwe. Gu ikawa chombo cha maua.

Maneno sita chini ya tako

Ukigeuza vyombo vingi vya kundi hili utakuta alama sita za maandishi ya Kichina, kila moja ikiwa silabi moja, aghalabu kwa mwandiko wa kikarani wa kale, zilizosagwa kwa unadhifu: Da Qing Qianlong fanggu. Maana yake ni kwamba chombo hiki kimefanywa enzi ya Qianlong wa Qing Kuu, kwa kuiga ya kale. Wakati na kitendo vimetajwa pamoja, bila aibu.

Alama za utawala zilikuwepo tangu zamani kwenye kauri na vitu vingine, kwa hiyo kuandika jina la kaisari si jambo geni. Kinachonigusa ni hilo neno la kuiga ya kale, fanggu. Babu yake Yao alitumia mwaka mzima kuondoa kila dalili kwamba kikombe chake ni kipya. Karakana za mjukuu zilitumia muda mrefu pengine kuliko huo, na hatua ya mwisho ikawa kukiri kwa maandishi ya kudumu kwamba hiki ni kipya na kinafuata mfano wa zamani. Ufundi ni ule ule, na mapenzi kwa mambo ya kale ni yale yale. Tofauti imo katika kile kinachoambiwa mtu atakayekigeuza chombo miaka mia baadaye.

Hukumu hii haimgeuzi Qianlong kuwa mtakatifu wa ukweli. Alikuwa mtawala, na alijua faida ya kujiandika kando ya Zhou. Yeye ni Mmanchu, mjukuu wa waliotoka kaskazini ya Ukuta na kuitwaa China mwaka 1644. Kila gui yenye jina lake ilisema kwamba mamlaka ya Wana wa Mbingu wa kale yamefika kwake. Lakini hata dai hilo lilihitaji jina liwe wazi. Chombo kinachojidai kuwa cha Zhou kingemsifu Zhou. Chombo kilichosainiwa kilimsifu aliyekiagiza.

Vita na mtindo wa Suzhou

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo, ila mpango wenyewe ulikuwa na maadui wawili, na mmoja alizaliwa na kaisari mwenyewe.

Wa kwanza ni mtindo. Wachongaji wa Suzhou, hasa wa uchochoro wa Zhuanzhu, walikuwa hodari na walikuwa na wateja. Wateja walitaka vitu vipya, vilivyotobolewa kama wavu, vyenye maua yaliyopandana na matunda juu ya matunda. Qianlong alivichukia. Katika mashairi ya uzeeni aliita hali hiyo balaa la jade, kwa maana kwamba jiwe zuri linauawa na mapambo. Mwaka 1794, akiwa amepita miaka 80, alitoa amri dhidi ya vyombo vilivyotobolewa kutoka Suzhou na Yangzhou. Hoja yake ni ya mtu anayefikiri kama mtumiaji: sahani na bakuli kazi yake ni kushika kitu, na chetezo lazima kishike majivu ndipo udi uwake, ukishavitoboa kila mahali, vya nini tena? Aliwalaumu mafundi wajanja wanaobuni vitu visivyo na kazi ili wadai bei kubwa.

Naikubali hoja yake kwa sehemu. Ding ya jade isiyokwenda motoni nayo haina kazi yake ya asili, na hilo hakulisema. Hata hivyo nadhani alikuwa anagusa kitu cha kweli zaidi ya matumizi. Umbo la bronzi lilimpa mchongaji mpaka. Lilimwambia tumbo lianzie wapi, ukanda uishie wapi, wapi pawe tupu. Jade ikiachwa wazi kwa upana wa viganja viwili huonyesha ubora wake au ubaya wake bila pa kujificha, na mnunuzi aliyelipia mapambo hakuulizwa tena habari ya jiwe. Mafundi wengi wa Suzhou walitoboa kwa sababu kutoboa huondoa ufa na doa. Anayefuata mchoro wa gui hana njia hiyo. Lazima apate jiwe safi.

Adui wa pili ni tamaa, iliyochochewa na bei ambayo uhaba na kiburi cha ikulu viliipandisha. Mwaka 1778 ilifichuka kwamba Gao Pu, ofisa wa kaisari huko Yarkand, alikuwa amewapeleka watu zaidi ya 3,000 wa nchi ile kwenye mlima wa Mirtai wachimbe jade, na sehemu kubwa yake aliisafirisha kwa siri kuuzwa Suzhou. Setib Aldi, beki mkuu (yaani kiongozi wa wenyeji) wa Yarkand, ndiye aliyepeleka mashtaka. Yonggui, ofisa wa Qing, akayafikisha kwa kaisari. Gao Pu hakuwa mtu mdogo. Shangazi yake alikuwa Huixian, mke mpendwa wa Qianlong aliyefariki zamani. Baba yake, Gao Heng, alikwishauawa mwaka 1768 kwa ufisadi wa chumvi. Qianlong aliamuru Gao Pu auawe, na akauawa hukohuko Yarkand. Biashara ya jade ya watu binafsi ikafungwa, na ikabaki imefungwa mpaka 1799, mwaka aliokufa Qianlong na mwanawe Jiaqing kuiruhusu.

Kwa hiyo jade iliyouzwa kwa magendo Suzhou ndiyo iliyolisha karakana zilezile alizozilaumu kwa mapambo. Aliyefanya jiwe kuwa la kifalme ndiye aliyelifanya liwe na thamani ya kufia. Tukisimulia kisa hiki kwa kutaja karakana na mashairi peke yake, wale watu 3,000 wa mlimani wanapotea, na ni wao walioshika jade kabla ya wote.

Kasoro ndani ya kitabu

Kuna udhaifu mwingine, huu wa kielimu, ambao kwangu ndio mzito. Karakana ziliiga bronzi, ila mara nyingi kupitia mchoro. Mchoro wa orodha unaonyesha chombo upande mmoja, kwa mistari, bila kivuli. Hauonyeshi unene wa ukuta wala jinsi tumbo linavyojaa likitazamwa toka juu. Ndiyo maana jade nyingi za kundi hili zina ubapa fulani. Taotie wao ni wa kupangika mno, macho yametulia, na ule utisho wa bronzi ya Shang umekwisha.

Baya zaidi, orodha yenyewe haikuwa safi. Wataalamu wa karne ya 20, akiwemo Rong Geng, waliopitia bronzi za ikulu wameonyesha kwamba sehemu isiyo ndogo ilikuwa ya bandia, iliyosubiwa karne nyingi baada ya Zhou na kutiwa kutu. Kwa hiyo ziko jade za Qianlong zilizofuata kwa uaminifu mfano ambao wenyewe ulikuwa wa uongo. Kaisari alifunzwa na Yao kuchunguza jade. Upande wa bronzi hakuwa na Yao wake, au hakumsikiliza.

Je, hilo linavunja hoja yangu? Linaipunguza, haliivunji. Maneno sita chini ya tako hayadai kwamba mfano ni wa kweli. Yanadai kwamba chombo hiki ni mwigo na ni cha enzi hii, na madai hayo mawili yamebaki sahihi hata pale mfano ulipokuwa wa kughushi. Mtafiti wa leo anaweza kuyatumia kujua karne ya 18 iliijua vipi Zhou, ikiwa pamoja na makosa yake. Kikombe cha babu yake Yao, laiti mjukuu asingekuwepo chumbani siku ile, kingeendelea kupotosha historia ya Han.

Yaliyofuata

Baada ya 1799 kasi ilipungua. Jiaqing hakuwa na mapenzi hayo wala hazina ile. Oktoba 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora Yuanmingyuan, bustani ya kasri nje ya Beijing, kisha Waingereza wakaichoma kwa amri ya Lord Elgin, mjumbe wa serikali yao. Jade zilitoka humo mifukoni na masandukuni na kuanza kuonekana katika minada ya Ulaya. Mmarekani Heber R. Bishop alikusanya zaidi ya vipande 1,000 vya jade na kuvitoa kwa Metropolitan Museum ya New York mwaka 1902. Zilizobaki ikuluni ziligawanyika kati ya Beijing na Taipei baada ya masanduku kuhamishwa kusini mwaka 1933 na mengine kuvushwa bahari mwishoni mwa miaka ya 1940.

Bei zilipopanda, yale maneno sita ndiyo yaliyogeuka kuwa kitu kinachoghushiwa zaidi. Kukiri kwa karakana za Qianlong kukawa chambo. Jade zenye alama ya fanggu zilisagwa katika karne ya 19, zikasagwa katika karne ya 20, na zinasagwa sasa kwa visu vya umeme vyenye unga wa almasi. Anayezichunguza huanza na alama, lakini hukumu huitoa mahali pengine. Huingiza kidole ndani ya tumbo, kwenye pembe ambazo jicho halifiki, kuona kama ukuta umepunguzwa na kusuguliwa sawasawa na nje au umeachwa mnene na wenye mikwaruzo. Hutazama chini ya vizingo kwa lenzi, kutafuta mifereji iliyonyooka mno na kingo kali zinazoachwa na mashine. Hugeuza pete zinazoning'inia na kutazama upande unaoelekea mwilini, pale kisahani kilipokosa nafasi na ambapo fundi wa karakana za kifalme alilazimika kusugua kwa mkono, bila haraka.